Mkuu hizo sliki (matairi ya mbio yasiyo na michirizi) ziache huko huko, kwanza tuambie kwa nini ulianguka

Nimesoma swali lako nikiwa kwenye treni nikaguna kwa sauti mpaka mama wa siti ya mbele akageuka. Yaani umeanguka na pikipiki Brands Hatch, ile treki ya mbio ya Kent, Uingereza, kona ya kushoto ukitoka kushuka kona ya Druids, tairi la mbele likaachia ghafla, hujui kwa nini, washkaji wanakwambia ni bahati mbaya tu, na sasa unataka kununua sliki zilizotumika kwa jamaa wa padoki (pale kando ya treki tunapoegesha na kuandaa pikipiki) urudi mwezi huu huu kundi la kati, la waliozoea kiasi, ili "kuua woga". Pole utapewa na wengine humu. Mimi nakwambia usirudi.

Kona hiyo ni Graham Hill Bend na mimi imenilaza. Halafu nikafanya hiki hiki unachotaka kufanya wewe, ikanilaza tena, na ile ya pili ndiyo ilinivunja mtulinga na kunipindia fremu ya pikipiki ya cc 600 niliyokuwa naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Anguko la kwanza lilikula kishikio cha klachi, kioo cha mbele na heshima kidogo. La pili lilikula akiba yote. Na bima, kabla hujauliza, bima nyingi za barabarani hapa Uingereza hazigusi kabisa mambo ya treki, kasome karatasi yako vizuri utaona wameandika.

Sasa ngoja nikwambie nilivyoliwa. Baada ya anguko la kwanza nilikuwa naogopa kweli, nikifika pale juu Druids mikono inakakamaa, nashika usukani utadhani unataka kuporwa, na ukishakaza mikono hivyo pikipiki yenyewe haigeuki inavyotakiwa, kwa hiyo unaogopa zaidi. Akatokea mjuaji mmoja, ana van, ana meza ya kukunja, ana fulana ya kampuni ya tairi (sidhani hata kampuni yenyewe inamjua), akaniangalia dakika moja akasema wewe huna shida yoyote, shida ni hayo matairi ya barabarani, funga sliki utaona kujiamini kunarudi kenyewe. Nilipomwambia labda nipumzike kwanza akanipa hadithi ya Jorge Lorenzo, yule wa MotoGP (mbio kubwa za pikipiki za dunia), kwamba mwaka 2013 alivunjika mtulinga kwenye treki ya Assen, Uholanzi, siku ya Alhamisi, akapelekwa Barcelona akafungwa chuma, Jumamosi akapanda pikipiki akamaliza wa tano. Na ni kweli, alifanya hivyo. Ila yule bwana alikata hadithi katikati kama wanavyofanya wauzaji wote. Wiki mbili baadaye kwenye treki ya Sachsenring, Ujerumani, Lorenzo alianguka tena, chuma kikapinda, akarudi kwa daktari. Hicho kipande cha pili kilikuwa na bei ya matairi yangu ndani yake na mtu mzima akakimeza makusudi. Na huyo ni bingwa wa dunia mwenye timu nzima na daktari nyuma yake, mimi nyuma yangu nilikuwa na shemeji aliyekuja kushika mwavuli.

Nikanunua. Mkuu, Bongo trafiki akikukuta na tairi kipara anakuandikia faini, mimi huku nimetoa pesa taslimu kununua vipara viwili, tena vilivyokwisha kutumika na timu ya mbio wakavitupa. Kwa nini walivitupa sikujiuliza. Sliki kila ikipashwa moto na kupoa mpira unapoteza kitu, hata kama kwa macho bado unaona imejaa. Na la muhimu zaidi, ambalo yule mjuaji hakulitaja hata kidogo: sliki inatakiwa itoke padoki ikiwa tayari ya moto. Ndiyo maana wenzetu wana zile blanketi za umeme za kuvalisha tairi, zinapasha mpaka kama nyuzi 80 kabla mtu hajaingia treki. Mimi blanketi sina, jenereta sina, ni asubuhi ya mwezi wa tatu huko Kent, pumzi inatoka moshi. Sliki ya baridi ni ngumu kama chapati ya jana. Tena akanishushia upepo mpaka kiwango cha watu wa mbio wenye blanketi, kwamba ndivyo mapro wanavyofanya. Upepo mdogo kwenye tairi ambalo halijapata moto, na mimi nimekubali, namwambia asante kaka.

Raundi za kwanza unafuata mwalimu polepole, hakuna kupita mtu, nikajisikia fundi. Kipindi kilichofuata wakatuachia. Paddock Hill nikashuka vizuri, kulia, tumbo likabaki juu kama kawaida. Druids nikazunguka, kulia. Nikashuka Graham Hill, nikalaza kushoto, na mbele ikaondoka bila hata kuniaga. Nakumbuka nikiteleza kwenye majani nikiwaza kitu kimoja tu, kwamba ni pale pale, hata alama ya kwanza labda bado ipo.

Sasa angalia ramani ya njia fupi ya Brands Hatch, wanaiita Indy, haifiki hata kilomita mbili. Kona zake karibu zote ni kulia. Za kushoto ni mbili, Graham Hill na Surtees. Ukishatoka Surtees unaingia kulia kule Clearways, unamalizia kulia Clark Curve, mstari mnyoofu, kulia Paddock Hill, kulia Druids, na muda wote huo upande wa kushoto wa tairi unapigwa upepo tu haujagusa lami. Halafu unafika Graham Hill unaudai ushike kama ule wa kulia. Sio wewe peke yako, Sachsenring ni hivyo hivyo kwa kinyume, kona 13 na 10 ni kushoto, wale wa MotoGP wamelala sana kwenye ile ya kulia ya kushuka kwa sababu hiyo, na Michelin wanawatengenezea tairi lenye mpira tofauti kila upande. Sisi tunanunua kwa jamaa wa van.

Hii yote ningeijua baada ya anguko la kwanza kama ningeuliza swali moja. Sikuuliza. Nilichotaka mimi ni dawa ya woga, na mjuaji alikuwa nayo dukani.

Aliyenisaidia ni mwalimu mmoja pale pale, mzee mtaratibu, nilipokuja kurudi baada ya mfupa kupona, pikipiki ya kukodi, kundi la wanaoanza, aibu tupu, nazungukwa na vijana waliopata leseni juzi. Hakuniuliza natembea kasi gani. Alichuchumaa mbele ya tairi, akapitisha kidole gumba upande wa kulia, mpira umechubuka una vipunje vipunje. Akapitisha upande wa kushoto, laini, unang'aa, bado una vile vinywele vidogo vya kiwandani kule pembeni. Akaniangalia tu. Halafu akanifuata nyuma raundi kadhaa, tukarudi akaniambia vitu viwili: nafika Graham Hill makalio bado yamening'inia kulia kutoka Druids, nahamia kushoto nikiwa nimeshaanza kulaza, kwa hiyo naitikisa pikipiki wakati mbaya kuliko wote, na breki ya mbele naing'ang'ania mpaka katikati ya kona kwa sababu naogopa. Tairi la baridi, breki, kulaza, na mwili unahama, vyote kwa pamoja. Akanipandisha kwenye pikipiki ikiwa kwenye stendi, injini imezimwa, nikawa nahama kulia kushoto kulia kushoto, magoti yakibana tangi, mpaka mapaja yanauma na watu wanapita wanacheka. Alasiri ile nikapita pale bila kubana meno. Sikufanya ujasiri wowote, nilikuwa najua tu nini kinaniangusha na nini nifanye kukikwepa.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii na sina nyingine: usirudi treki mpaka uweze kusema kwa sentensi moja kwa nini ulianguka, na hiyo sentensi isiwe na neno "bahati". Ukishindwa, huna haja ya tairi jipya, una haja ya mtu wa kukuangalia. Huo woga wako una akili kuliko yule jamaa wa van, unakwambia kuna kitu hujakielewa, na wewe unataka kuuua! Marc Márquez, bingwa mwingine wa MotoGP, alivunjika mkono Jerez, Hispania, Julai 2020, Jumanne akafanyiwa operesheni, Jumamosi anajaribu tena pale pale Jerez, siku chache mbele bamba la chuma likavunjika na msimu wote ukaishia hapo. Kukimbilia kurudi hakumwachi salama hata yeye.

Matairi mazuri ya barabarani ya kimichezo yanapata moto mapema na yanakutosha kabisa kundi la wanaoanza na hata la kati, usidanganywe. Kipima upepo nunua chako mwenyewe, cha jirani usikiamini. Saa ya kuhesabu raundi kaitoe kwenye pikipiki uiache nyumbani. Na kabla ya yote hayo peleka pikipiki ikaguliwe shokapu za mbele na fremu, sio na jamaa wa van.

Halafu piga picha ya tairi la mbele upande wa kushoto, karibu kabisa, sio ile uliyoweka ya pikipiki nzima na wewe umepozi pembeni. Na uandike psi (kipimo cha upepo wa tairi) ulizopima asubuhi ile kabla hujaingia. Kama hukupima sema hukupima, hakuna atakayekucheka, labda mimi kidogo.