Je, ni kweli Bangor City iliwahi kuifunga Napoli?

Mkuu, umeuliza kama hiyo habari ya Napoli kufungwa na timu ndogo ya Wales ni ya kweli. Kweli tupu, na mimi naipenda mno hadithi hii.

Bangor City ilianzishwa 1876, kaskazini mwa Wales. Mwaka 1962 ilikuwa inacheza ligi ya kaunti ya Cheshire, huko upande wa Uingereza, chini ya kocha T. G. Jones, beki wa zamani wa Everton. Ikatwaa Kombe la Wales, na hilo ndilo lililoipeleka Kombe la Washindi Ulaya, mashindano ya timu zilizotwaa vikombe vya nchi zao. Ikapangwa na Napoli, mabingwa wa Kombe la Italia.

Mkondo wa kwanza, uwanja wa Farrar Road: Bangor 2, Napoli 0. La pili lilikuwa la penalti ya Ken Birch. Marudiano kule Naples wakalala 3-1. Sasa hesabu mwenyewe: jumla 3-3, na Bangor ana goli la ugenini, Napoli hana. Kwa sheria iliyokuja 1965, kwamba jumla ikiwa sare anapita mwenye magoli mengi ya ugenini, Bangor angepita! Lakini 1962 haikuwepo, ikabidi zicheze mechi ya tatu uwanja wa Highbury, London, na Napoli akashinda 2-1. Inaniuma hadi leo.

Mwaka 1985 Bangor walirudi kwenye kombe hilo, wakaitoa Fredrikstad ya Norway, kisha wakatolewa na Atletico Madrid.

Farrar Road sasa ni supamaketi. Klabu ilipoyumba, mashabiki walianzisha yao mwaka 2019: Bangor 1876.