Simulizi za wazee katika mafunzo ya uuguzi

SWALI: Mhariri, ninafundisha uuguzi. Wanafunzi wangu wanajua kumpima mzee shinikizo la damu, lakini hawajui kuzungumza naye. Je, kuwaketisha wasikilize simulizi za wazee kunafundisha lolote?

JIBU: Kunafundisha, mradi usikilizaji uwe na shabaha. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, alieleza kwamba mzee anayerejea mambo ya zamani huwa anayapitia upya maisha yake, ilhali wengi waliliona jambo hilo kuwa dalili ya akili kuchoka. Mwanafunzi anayesikia jinsi mzee alivyofiwa na mwenzi wake, au alivyowahi kudharauliwa wodini, hupata taarifa ambazo fomu ya kumpokea mgonjwa haiziulizi, na huenda ndizo zinazoeleza kwa nini anakataa kuogeshwa au anaficha maumivu. Kila mwanafunzi amtembelee mzee mmoja mara kadhaa, kisha aandike mpango wa uuguzi unaotokana na aliyoyasikia. Bila hatua hiyo, ambayo walimu wenye haraka huiruka, simulizi hubaki porojo tamu tu. Ridhaa ya mzee itangulie, na akigusa jambo linalomuumiza, mwanafunzi asimdadisi, bali amjulishe mkufunzi.