Moto uko umbali gani na bwawa la marudio?

Kiangazi kikikolea huku Kanda ya Ziwa, watu wanachoma mashamba na moto unatorokea vichakani. Kwa sisi tunaochora ramani Mwanza na Geita, swali linalokuja haraka ni hili: umefika wapi, na taka zenye sumu za vituo vya kuchenjulia dhahabu, zile zinazokaa kwenye bwawa la marudio (mabaki yanayobaki dhahabu ikishatolewa), ziko wapi? Ushauri wangu ni kwamba usijibu kwa kupima nukta hadi nukta.

Ramani za FIRMS za NASA, zinazoonyesha moto ulioonekana na setilaiti, ni za bure na zinafaa sana. Ila ile nukta nyekundu ni katikati tu ya mraba ambao setilaiti imeuona una joto. Setilaiti hizo hubeba vifaa viwili vya kuona joto: kwa VIIRS mraba huo una upana wa kama mita 375, kwa MODIS kilomita 1. Moto wenyewe unaweza kuwa pembeni kabisa, upande wa bwawa. Saa nazo zimeandikwa kwa UTC (saa za kimataifa), kwa hiyo ongeza saa 3 kupata saa zetu. Na kwa kuwa VIIRS hupita karibu saa nane, mchana na usiku, moto uliowashwa alasiri unaweza usionekane hadi usiku wa manane.

Kituo cha kuchenjulia dhahabu nacho si nukta. Kina bwawa la marudio yenye sayanaidi, mapipa ya kemikali, pengine na rundo la matairi. Mimi huzunguka uzio kwa miguu, simu ikirekodi njia, halafu nachora mpaka wote. Kituo kimoja upande wa Geita nilikuta nyasi kavu za kufika magotini zimelalia plastiki nyeusi ya ukingo wa bwawa. Plastiki ile ikiungua, maji ya sumu yanapata pa kupenyea. Hilo hulioni ukiwa ofisini.

Kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, hamishia kila kitu UTM kanda ya 36 Kusini (EPSG:32736), mfumo unaopima kwa mita, kabla ya kupima, la sivyo unaweza kupewa umbali kwa digrii.

Kisha upepo, ambao naona ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kwa hiyo kilomita 2 za mchana si kilomita 2 za usiku, na mduara wa tahadhari uliochorwa kuzunguka moto, sawa pande zote, unadanganya. Urefushe upande upepo unakoelekea. Wavuvi wa Igombe watakueleza saa unapogeuka.

Marekani mwaka 2018 moto wa Carr, California, uliusogelea mgodi wa zamani wa Iron Mountain, ambako maji yenye tindikali yanasafishwa hadi leo. Huku kwetu vituo vingi ni vidogo, na vingine huenda havimo kwenye ramani za umma. Kwa hiyo kando ya kila bwawa andika namba ya simu ya mwenyekiti wa kitongoji, na Juni ikianza mpigie umuulize kama nyasi za ukingoni zimefyekwa.