Kabla ya Kuwaita Vijana Kanisani, Keti Nao Maskani

Kwa miaka mingi nilihudumu kama mwinjilisti wa vijana mjini Malindi, nikiamini kwamba viti vya nyuma vilibaki wazi kwa sababu kizazi hiki kimeiacha imani. Dhana hiyo ilianza kunitoka niliposoma barua ya mmisionari Mkatoliki Fransisko Ksaveri ya mwaka 1542, baada ya meli iliyompeleka Goa, India, kutia nanga hapa: mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Kumbe kilio chetu ni cha kale.

Kwa hiyo, anayeanza huduma hii namshauri aanzie maskani, vijana wanapobarizi, na aende mikono mitupu. Mimi nilikwenda kwenye kituo cha bodaboda na somo nililolipiga chapa. Kabla sijalifungua, kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, baada ya Shakahola, nitajuaje kwamba wewe si kama wale?" Mwaka 2023, katika msitu huo wa kaunti yetu ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa. Nami nikamjibu kwa aya ya Biblia! Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Swali lile lilistahili jibu la matendo. Siku hizi hesabu ya sadaka yetu husomwa mbele ya vijana wenyewe, mhubiri hukatizwa kwa maswali, na hatumruhusu yeyote, hata awe na karama gani, kumshauri mtu aache shule au dawa za hospitali.

Lugha nayo ina neno lake. Mmisionari Mjerumani Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijifunza Kiswahili kwanza, ilhali sisi twamtaka kijana ajue Kiswahili cha kanisani kabla hatujajua chake. Hata hivyo usihubiri kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, ukiwa na mvi. Nilijaribu mara moja, wakacheka hadi machozi. Ni afadhali kijana asome kisa, kisha akisimulie upya kwa maneno yake, hata kwa Kigiriama.

Kipindi chetu tulikihamishia Jumatatu usiku, kwa kuwa Jumapili asubuhi wengi wako kazini hotelini au barabarani. Yule kijana wa bodaboda huja, hukaa karibu na mlango, hajabatizwa, na bado anauliza.