Soma shairi kwanza, ndipo uisikilize War Requiem

Mara ya kwanza nilipoisikiliza War Requiem, yaani Misa ya Wafu ya vita, ya mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, nilikuwa nafua. Simu nimeiegesha ukingoni mwa karo, kispika chake kinakoroma, maji yanatiririka bombani. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ameniambia, "Wewe unayependa misa za Kilatini, itafute hiyo." Nikaitafuta. Kengele zikalia kwa mbali, kwaya ikanong'ona maneno nisiyoyashika, mara mwanamume mmoja akaanza kuimba Kiingereza katikati ya Kilatini, kisha tarumbeta zikaja kwa fujo. Haikufika robo saa nikaizima. Nilikaa miaka mitatu bila kuigusa tena.

Leo ni kazi ninayoirudia kila Novemba, na naandika haya kwa ajili ya mwimbaji mwenzangu wa kwaya aliyewahi kujaribu muziki wa namna hii akaona haumhusu. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: muziki uliozaliwa na shairi, anza na shairi. Lisome kwa sauti, mara mbili au tatu, kabla hujabonyeza chochote.

Mimi kilichonirudisha ni shairi la Wilfred Owen liitwalo Strange Meeting, nililolikuta kwenye kitabu cha kuazima. Askari anasimulia kwamba ametoroka vita akashuka katika shimo refu lenye giza. Humo kuna watu wamelala wakiugua. Mmoja anaruka, anamkazia macho ya huruma, anainua mikono kana kwamba anambariki. Wanazungumza juu ya miaka ambayo hawataiishi. Mwishoni yule mtu anajitambulisha: mimi ndiye adui uliyeniua, rafiki yangu, nimekutambua gizani kwa jinsi ulivyokunja uso, maana ndivyo ulivyoukunja jana uliponichoma. Kisha anasema, basi sasa tulale.

Nililisoma jikoni kwa sauti, nikakwama kwenye vina. Sisi tuliolelewa na mashairi ya vina na mizani sikio letu huwa linasubiri silabi ya mwisho ifungane na mwenzake. Owen hafungi. Anaweka "hall" anaijibu kwa "hell", anaweka "groined" anaijibu kwa "groaned". Konsonanti zinalingana, irabu zinakataa. Ni kama mtu amalize mshororo mmoja kwa "bara" na wa pili kwa "bure". Sikio linakaribia kuridhika, halafu linanyimwa. Shairi zima linakwenda hivyo, na kwa shairi la muuaji na aliyeuawa sioni namna nyingine ambayo lingekwenda.

Owen alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji wa Sambre–Oise, kaskazini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 25. Telegramu ilimfikia mama yake huko Shrewsbury tarehe 11 Novemba, kengele za makanisa zikilia kushangilia kwamba vita vimekwisha. Tarehe 4 Novemba hiyohiyo, miaka minne nyuma, ilikuwa siku ya mapigano makali ya Tanga. Na kwetu bunduki hazikunyamaza siku ile mama Owen alipopata telegramu: von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25. Sitaki kulivuta shairi la mtu kwa nguvu lije kwetu. Nasema tu kwamba vita anavyovililia ndivyo vilevile vilivyowachukua wapagazi na askari wa huku.

Sasa twende kwenye muziki. Kanisa kuu la Coventry, Uingereza, liliteketea kwa mabomu ya Wajerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Lilipojengwa jipya kando ya magofu ya lile la zamani, Britten aliombwa atunge kazi ya kuliadhimisha, na ikaimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962. Yeye alikuwa mtu wa kukataa vita, alikataa hata kuvaa sare. Alichofanya ni kuichukua Misa ya Wafu ya Kilatini na kuipasua katikati kwa mashairi tisa ya Owen. Ndiyo maana yule mwanamume aliingia ghafla na Kiingereza chake nikiwa nafua. Hakuwa amekosea mahali.

Ukilijua hilo, hatua inayofuata ni kujua nani yuko wapi, kwa sababu waimbaji wamegawanywa makundi matatu. Kwaya kubwa, okestra kubwa na mwanamke wa solo wanaimba Kilatini. Okestra ndogo ya watu 12 iko na wanaume wawili, mmoja wa sauti ya tenori na mmoja wa baritoni, ambao ndio askari. Wao wanaimba Owen. Na kwaya ya wavulana pamoja na kinanda wako mbali kabisa, kama sauti zisizojua kinachotokea huku chini.

Santuri ninayoipendekeza ni ile ya kampuni ya Decca, iliyorekodiwa Januari 1963 katika ukumbi wa Kingsway, London, Britten mwenyewe akiongoza. Waimbaji wa solo ni wale aliowakusudia tangu mwanzo: Galina Vishnevskaya kutoka Urusi, Peter Pears Mwingereza, na Dietrich Fischer-Dieskau Mjerumani, ambaye alipigana vita vya pili upande wa Ujerumani akaishia kuwa mfungwa wa vita. Mataifa matatu yaliyopitia moto uleule. Siku ya Coventry Vishnevskaya hakuwepo, serikali ya Kisovieti ilimnyima ruhusa, na Heather Harper akajifunza sehemu yake kwa siku chache tu. Kwenye kurekodi akaja. John Culshaw, aliyesimamia kazi hiyo, alisimulia kwamba mama huyo alikasirika vibaya sana kuona amewekwa na kwaya juu, wanaume wakiwa mbele, akadhani anadharauliwa. Ilibidi aeleweshwe kwamba umbali ule ndio utunzi wenyewe.

Kwa hiyo tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu. Vaa spika za masikioni, zote mbili ziwe nzima. Mimi zangu upande mmoja ulikuwa umekufa, na nusu ya Coventry ikafa nao. Jambo jingine: inaanza chinichini sana na utashawishika kuongeza sauti. Usiongeze. Itakapofika mahali ambapo Kilatini kinataja tarumbeta ya siku ya hukumu utajuta. Tafuta saa tulivu badala yake, usiku watu wakishalala ndiyo nzuri.

Kazi nzima ni dakika 80 na ushei. Usianzie mwanzo. Anzia sehemu ya tatu, Offertorium, ambayo haizidi sana dakika kumi. Kabla yake soma shairi la Owen kuhusu Abrahamu na Isaka. Wimbo wa Kilatini unamkumbusha Mungu ahadi yake kwa Abrahamu na uzao wake, na kwaya inaimba maneno hayo kwa kukimbizana, kwa furaha kabisa. Hapo wale wanaume wawili wanaingia na kusimulia kisa tunachokijua: kuni, kisu, kijana amefungwa, malaika anaita, kuna kondoo dume kwenye kichaka. Ila mzee wa Owen anakataa. Anamchinja mwanawe, na nusu ya uzao wa Ulaya, mmoja baada ya mwingine.

Maneno hayo, "one by one", wanaume wanayarudia wakiyakatakata, na papo hapo kule mbali wavulana wanaanza kuimba kwa utulivu kwamba tunakutolea, Bwana, sadaka na sala. Hawasikilizani. Kisha kwaya kubwa inaurudia ule wimbo wa ahadi, noti kwa noti umegeuzwa juu chini, kwa sauti ya chini sana. Mara ya kwanza nilipoelewa kinachoendelea nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena nikiwa nimesimama.

Baada ya hapo rudi mwanzo, na hapa nina neno kwa tunaosoma solfa. Imba do. Sasa imba fi, ile iliyo kati ya fa na sol. Ndizo noti za kengele, na zimetawala kazi nzima. Jaribuni kwaya nzima na mtaona ugumu wake: sisi sauti ya tatu tulipojaribu, fi ilituponyoka kila mara ikakimbilia sol, kwa sababu sikio linataka pa kupumzika. Ni kile kina cha Owen kisichofungana, kimegeuzwa kuwa sauti. Mara tatu tu, mwishoni mwa sehemu ya kwanza, ya pili na ya sita, kwaya peke yake bila ala inatoka taratibu kwenye mvutano huo na kutua juu ya fa, kwa kordi laini, karibu haisikiki.

Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Wale askari wawili wamekwisha kutana gizani, adui amekwisha kujitambulisha, na wanaimba pamoja "basi sasa tulale." Wavulana wanaingia juu yao, kisha kwaya, kisha Vishnevskaya; makundi yote matatu kwa mara ya kwanza yanaimba kwa wakati mmoja. Kengele zinawakatiza. Do, fi. Kwaya inajibu, inatua, inaisha.

Kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio ya programu yako uzime ile ya kucheza wimbo unaofuata. Mimi siku ile sikuizima, na kabla sijashusha pumzi likaingia tangazo la mtandao wa simu.