Siku nilipoita chembe za nano "vidude"

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii ya kuchukua ridhaa za washiriki wa tafiti niliandika fomu ya ridhaa ya mazoezi, ya dawa ya kufikirika tu, nikaenda kuujaribu Uswahili wake kwa akina mama wanaouza viazi Uyole. Fomu ilisema dawa inabebwa na chembe za nano hadi kwenye ubongo. Kwa kutaka kurahisisha, nikasema: "Ni vidude vidogo sana, mama, havionekani kwa macho, vinaingia kichwani."

Mama aliyekuwa anapandisha kilele cha viazi juu ya ndoo akasimamisha mkono. "Vidudu?"

"Hapana mama, vidude."

Akamgeukia mwenzake: "Anasema wanatia watu wadudu kichwani." Dakika tano baadaye nilikuwa nimezungukwa na watu, na neno lililosikika mara nyingi lilikuwa mumiani. Niliokolewa na dereva wa bajaji aliyenifahamu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kuchukua ridhaa kwenye tafiti za ubongo huku kwetu nyanda za juu. Mtafundishwa sayansi vizuri kuliko tulivyofundishwa sisi. Maneno ya kuisemea hamtafundishwa, na huko ndiko kazi inakoharibikia.

Baadaye niligundua kwamba yule mama hakuwa mjinga hata kidogo. Mikoa yetu inafuga nguruwe wengi, na Mbozi ni moja ya sehemu ambako watafiti wamekuta watu wenye vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Mtu akimeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu, viluwiluwi husafiri kwa damu, vingine hutua kichwani, na kifafa kinaweza kuanzia hapo. Kwa hiyo wadudu kichwani ni habari ya kweli katika vijiji vyetu. Ukija na neno linalofanana nalo, usishangae likisikika hivyo. Siku hizi nasema "chembe", na nikibanwa nasema "punje ya dawa". Ukubwa wake sitaji kwa namba. Unywele una upana wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000, lakini nanomita haimwambii mtu kitu. Nasema: chukua unywele mmoja, uupasue kwa upana vipande elfu, kipande kimojawapo ndicho tunachozungumzia. Mtu anashika unywele wake, anacheka, tunaendelea.

Kwa nini chembe zenyewe? Kwa sababu ubongo una mlinzi wake. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, daktari wa Ujerumani, alitia rangi kwenye damu ya wanyama. Karibu viungo vyote vikakolea, ubongo ukabaki kama ulivyo. Yeye mwenyewe hakutambua kwamba ameona ukuta kati ya damu na ubongo. Ukuta huo unazuia dawa nyingi, na chembe za nano zinatengenezwa ili kuzivusha. Darasani niliufananisha na mpaka wa Tunduma: malori yamepanga foleni, anavuka mwenye makaratasi. Mwanafunzi mmoja akadakia, "Au anayejua njia ya panya!" Darasa zima likacheka. Mfano mzuri, ila usiupeleke kijijini. Mgonjwa akisikia dawa yake inapita njia ya panya ataondoka, na mimi ningeondoka.

Chanjo za korona za Pfizer na Moderna nazo zilibebwa kwenye vitone vya mafuta vya ukubwa huohuo, kwa hiyo nano si jambo la juzi. Lakini pima upepo kabla hujazitaja. Kuna nyumba ambako neno chanjo linafunga mazungumzo.

Sasa kuna sentensi moja ambayo iko karibu kwenye kila fomu: "Unaweza kujitoa wakati wowote." Kwenye utafiti wa maswali ni kweli tupu. Kwenye chembe zilizokwishaingia ubongoni, au kifaa kilichopandikizwa, ni nusu ya ukweli. Mtu anaweza kuacha kuja kliniki. Kilichoingia hakiandamani naye kutoka. Nenda kaulize watumiaji wa Argus II, kifaa cha macho cha kampuni ya Marekani iitwayo Second Sight. Watu zaidi ya 350 duniani walipandikizwa. Kampuni ilipoyumba kifedha, mwaka 2020, wakabaki na vyuma machoni bila fundi wa kuvitengeneza. Tena hiyo ni California. Mradi ukifungwa Vwawa, nani atapokea simu ya mgonjwa? Kama fomu haijibu, irudishe kwa mtafiti mkuu kabla hujamfuata mshiriki hata mmoja. Atanuna. Mwache anune.

Nilifanya kosa jingine ambalo bado linaniuma. Tulikwenda kumwona binti mwenye kifafa kwa gari la mradi lenye maandishi makubwa ubavuni, tukaegesha mlangoni kwao saa nne asubuhi. Kwetu bado wapo wanaoamini povu la kifafa linaambukiza. Mtu akianguka motoni, watu wanasita kumshika. Jioni kijiji kizima kilijua. Baada ya wiki mbili mama yake alinipigia akaniambia upande wa mchumba wa binti wametuma mshenga kusema wanafikiria upya ndoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, nasi tulikuwa tumezitangaza kwa rangi ya gari. Egesha shuleni au kwa mtendaji, utembee. Na kama kifaa kinasoma ishara za ubongo, jambo linakuwa zito zaidi. Chile ilibadilisha katiba yake mwaka 2021 kulinda shughuli za ubongo wa mtu na taarifa zitokanazo nazo. Sisi tuna sheria ya jumla tu, kwa hiyo mpaka mwingine utauchora wewe na kamati yako ya maadili.

Vibali sitavieleza sana, mtavikuta: NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kwa maadili; TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama ni jaribio la dawa, na mkataba wa kuhamisha sampuli kama chochote kinavuka mpaka. Usimdanganye mtu kwamba damu yake inabaki Mbeya wakati boksi la barafu liko njiani kwenda uwanja wa ndege.

Posho ya nauli itaje mwisho, baada ya hatari. Ukiitaja mwanzo mtu hasikii tena lolote. Ukifika Rungwe, anza na salamu ya "ugonile" hata kama Kinyakyusa chako kinaishia hapo. Na kama mshiriki anaweka dole gumba, beba kitambaa na maji. Si vizuri mzee arudi kwake na wino kama ametoka kupiga kura.

Halafu jiandae kwa swali ambalo semina haikuandai. Mzee mmoja wa Mbozi alinisikiliza hadi mwisho, chembe, unywele, ukuta, vyote, kisha akauliza: "Hizi fenobabitoni, dawa za kifafa za mwanangu, zilikwisha zahanati tangu mwezi uliopita. Hiyo nano yenu itazileta?" Nilimwambia hapana. Akaniuliza kama kwenye fomu kuna mahali pa kuandika hilo. Hapakuwepo, nikageuza karatasi, nikaliandika nyuma kwa maneno yake, akaomba nimsomee.