Chumba cha futi 10 kwa 10 kinabana kwenye gemu

SWALI: Hujambo dada? Ninatengeneza gemu ya maisha ya ploti kwa kutumia Unreal 5, ile programu ya kutengenezea gemu. Nilichukua tepu ya fundi nikapima chumba chetu, futi 10 kwa 10, nikakijenga vivyo hivyo. Lakini mhusika akiingia anaonekana kama amefungiwa kabatini, na kamera inagonga ukuta kila akigeuka. Nimekosea kupima?
Msomaji, Kayole

JIBU: Hukukosea, mdogo wangu. Futi 10 ni sentimita 305, na ndani ya Unreal yuniti moja ni sentimita moja, kwa hivyo hesabu yako ni sawa. Shida iko mgongoni mwa mhusika. Ukianza na kile kiolezo cha kumwona mhusika kwa nyuma, kamera hukaa sentimita 400 nyuma yake. Chumba chako hakina hizo 400. Tena anakimbia mita 5 kwa sekunde, na mtu anayetembea kwenda stejini huenda mita 1.4 hivi. Kabla hujapepesa, ameshagonga kitanda.

Tafadhali usikuze kila kitu. Mimi nilifanya hivyo kwenye levo yangu ya kwanza: nilizidisha chumba kizima kwa moja na nusu, na ule mtungi wa maji wa njano, wa lita 20, ambao haufiki goti, ukafika mapajani. Kila aliyejaribu aliniuliza kwa nini mhusika ni mtoto. Kuta hakuna aliyezitaja. Macho yetu hayajui ukuta uko mbali kiasi gani, lakini mtungi, stuli na kitasa yanavijua vizuri sana.

Kwa hivyo vitu vya mkono na mguu viache kama tepu ilivyosema: kidato cha ngazi sentimita 17 hivi, kiti 45, kitasa karibu mita moja. Unachoongeza ni nafasi. Sukuma kuta hadi 450, inua dari hadi 320, mlango uwe na upana wa 120, kisha sogeza kamera hadi 200 akiwa ndani.

Korido ndiyo ninayokusihi usiipanue sana. Pale watu wawili wakikutana, mwenye beseni la nguo hugeuka ubavu. Ukiifanya pana kama ya hospitali, mtu wa Kayole hataitambua. Hapo punguza mwendo badala yake.

Jenga kwanza kwa maboksi ya kijivu, umwite jirani acheze, umuulize mhusika ana urefu gani. Akikutajia urefu wa mtu mzima, weka pazia mlangoni.